Piza ya nyumbani: namna ya kuipika ihesabike kuwa mlo wa mtoto

Wifi yangu akija Ijumaa jioni akawakuta watoto wamejipanga mkekani wanangoja piza, hakosi kuniuliza: "Wifi, hiki nacho ni chakula cha kumlaza nacho mtoto?" Kwake yeye mlo wa usiku ni ugali au wali, mchuzi, na mboga ya majani pembeni. Vingine vyote ni vitafunio vya kupozea njaa. Namjibu kuwa ni chakula, tena kamili, mradi kipikwe humu jikoni kwa vipimo nitakavyovieleza. Ile inayokuja kwenye boksi siisemei, maana sijui aliyeipika ametia nini.

Kazi yangu ni kuoka. Nauza mikate, skonzi na keki za shughuli hapa Tanga, kwa hiyo unga, hamira na moto ni vitu ninavyoshinda navyo. Nyumbani nina wanangu na wapwa, wakubwa kwa wadogo, na mdogo wa wote ndiyo kwanza ameanza chekechea. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowapikia.

Ukiivua jina, piza ni mkate uliopakwa nyanya ukawekewa kitoweo na jibini. Mama akimpa mwanawe mkate, mchuzi wa nyama na kachumbari, hakuna anayemuuliza kama amemlisha. Huko Napoli, Italia, wenyewe huukanda unga wa piza kwa vitu vinne tu: ngano, maji, chumvi na hamira. Margherita, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, juu ina nyanya, jibini ya mozzarella, majani ya mrehani na mafuta ya zeituni, basi. Inaingia kwenye tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya nyuzi 430 za Selsiasi na kutoka baada ya dakika moja au moja na nusu. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2017. Humo hamna soseji, hamna mayonezi, wala jibini ya kuvutika dhiraa nzima. Mambo yaliharibikia njiani, mkate uliponenepa, jibini ikarundikwa, na chupa kubwa ya soda ikageuka kuwa sehemu ya mlo.

Wamarekani waliwahi kulifikisha swali hili bungeni kabisa. Mwaka 2011 Wizara yao ya Kilimo ilitaka nyanya ya kopo inayopakwa kwenye piza za shuleni ihesabiwe kwa kipimo chake halisi. Bunge likazuia mwezi Novemba, na vijiko viwili vya chakula vya nyanya hiyo vikaendelea kuhesabiwa sawa na nusu kikombe cha mboga. Watu wakacheka kwamba sasa piza imetangazwa kuwa mboga. Mimi nyanya ya kupaka naihesabu kiungo. Mboga ni ile ambayo mtoto anaiona na kuitafuna.

Anza na chumvi

Wazazi wengi wakisikia piza huogopa unga na mafuta. Kwa mtoto anayekimbia kutwa nzima, mimi ninachokiogopa zaidi ni chumvi, kwa sababu inaingia kwa milango mitatu: kwenye unga, kwenye jibini, na kwenye kitoweo. Mtoto hatalalamika, maana piza yenye chumvi nyingi ni tamu.

Vipimo vinavyotumika Uingereza vinasema mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku nzima, wa miaka 4 hadi 6 gramu 3, na wa miaka 7 hadi 10 gramu 5. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 5 au 6. Hapo ndipo utaona kuwa mkono wetu wa kunyunyizia chumvi "kwa kukadiria" haufai kwa mtoto.

Hesabu yangu ni hii. Unga wa piza tatu unapata nusu kijiko cha chai cha chumvi, yaani kama gramu 3, kwa hiyo kila piza ina gramu moja. Jibini naweka gramu 60 kwa piza moja. Mozzarella ya pakiti, ile kavu ya kukwaruza, huwa na gramu moja hadi moja na nusu ya chumvi kwa kila gramu 100, basi hapo inaongezeka kama gramu 0.9 ikizidi sana. Rojo la nyanya silitii chumvi hata chembe, na nyama ya kusaga naipika kwa tangawizi, thomu na ndimu. Piza nzima ya ukubwa wa sahani inabaki chini kidogo ya gramu 2. Mtoto wa miaka mitano akila theluthi yake, amekula kama gramu 0.6. Nafasi imebaki ya chakula kingine cha siku hiyo.

Sasa chukua piza hiyo hiyo utie soseji, kidonge cha mchuzi kwenye nyama, kisha mtoto aimwagie tomato sosi ya chupa. Hesabu yote imekwenda. Soseji nimeziondoa jikoni kwa sababu nyingine pia: mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwamo, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sisemi mtoto akionja soseji kwenye sherehe ya jirani atadhurika. Nasema haina sababu ya kuwa kitoweo cha kila wiki wakati dagaa wapo sokoni. Halafu kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, soseji iliyokatwa vipande vya mviringo ni ya saizi ile ile ya kuziba koo. Zeituni nzima nayo ni hivyo hivyo.

Jibini, ya kununua na ya kupika mwenyewe

Jibini si adui. Gramu 60 za mozzarella zina kalisi karibu sawa na glasi ya maziwa, na protini kama gramu 13. Kinachoharibu ni wingi. Pakiti ya gramu 250 kwangu inatosha piza nne, na pengine ndiyo maana sijawahi kuiona ghali kama wanavyoiona wenzangu. Ikwaruze kwenye tundu kubwa za kikwaruzo, uinyunyize kwa mkono ulioinuliwa juu, isambae. Ukiikata vipande itaonekana haitoshi, utaongeza.

Ukikosa jibini ya dukani, au mfuko haukuruhusu, chukua lita moja ya maziwa freshi. Yachemshe mpaka yafure, uteremshe, usubiri dakika mbili. Mimina vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu, kidogo kidogo huku unakoroga taratibu. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe yanajikusanya, na maji yanabaki ya rangi ya kimanjano iliyofifia. Yasipokatika vizuri ongeza kijiko cha tatu. Mimina kwenye kitambaa safi kilichotandikwa juu ya chujio, fungasha, ning'iniza kwenye bomba la sinki kwa nusu saa, kisha ukandamize chini ya sahani na kitu kizito. Unapata kiasi cha gramu 150 au zaidi kidogo, laini, haina chumvi hata kidogo. Haivutiki wala haiyeyuki, hilo lijulikane mapema wasije wakakulaumu. Inabaki vipunje vyeupe vinavyopata rangi kwenye ncha. Wanangu huichanganya na jibini ya dukani kidogo, nusu kwa nusu, na hapo mvutiko unarudi.

Yale maji yaliyochujika usiyamwage. Yakishapoa na kubaki vuguvugu, ndiyo ya kukandia unga. Mkate unatoka laini na rangi yake inapendeza.

Mtoto anayedhurika na maziwa mpikie bila jibini, aongezewe kitoweo. Haina shida, hata Napoli iko ya namna hiyo, nitaieleza mwishoni.

Unga

Kwa piza tatu za ukubwa wa chapati kubwa: vikombe viwili vya unga mweupe wa ngano na kimoja cha atta, yaani unga wa ngano isiyokobolewa. Kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chenga ndogo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti. Maji ya vuguvugu kikombe kimoja, na mengine kidogo ya akiba kwa sababu atta hunywa maji. Sukari sitii. Hamira inapata chakula chake kwenye unga wenyewe, na joto la Tanga linatosha kuiumua.

Unga mweupe chagua wenye nembo ya kuongezewa virutubishi. Tanzania ina kanuni ya jambo hilo tangu 2011, na unga wa ngano wa namna hiyo unakuwa na madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Ile atta naitia kwa ajili ya nyuzinyuzi, maana inazo karibu mara tatu ya unga mweupe, na mtoto anashiba akashika. Usikimbilie kutia atta tupu siku ya kwanza. Piza itakuwa nzito na kuvunjikavunjika, na watoto wataichukia kabla hawajaizoea. Kikombe kimoja katika vitatu hakuna anayekitambua. Wakizoea, panda hadi nusu kwa nusu.

Kanda dakika kumi za kweli. Mwanzo utanata vidoleni. Usiongeze unga ovyo, kanda tu, utajiachia wenyewe. Ukiubonyeza kwa kidole na kishimo kikarudi taratibu, umekuwa tayari. Funika kwa kitambaa kibichi. Kwa joto letu la huku pwani saa moja inatosha. Lushoto au Arusha wakati wa baridi subiri saa mbili. Mwenye friji nampa siri ya waokaji: punguza hamira iwe nusu kijiko, kanda usiku, funika vizuri, weka frijini mpaka kesho jioni. Ladha yake ni nyingine kabisa, na siku ya kupika kazi inakuwa nyepesi.

Gawa madonge matatu, uyaache dakika kumi yapumzike, ndipo usukume. Donge lisilopumzishwa linarudi nyuma kila ukilisukuma. Unene uwe wa chapati nene kidogo, usizidi. Hapa ndipo mlo unapogeuka kuwa mkate mtupu: ukiacha unene wa skonzi, mtoto anashiba ngano kabla hajafika kwenye mboga.

Rojo la nyanya

Sipendi tomato sosi ya chupa juu ya piza, ina sukari na chumvi zote mbili. Chukua nyanya sita mbivu, zile ndefu zenye nyama nyingi na maji machache. Zikate katikati, uzikwaruze upande wa nyama kwenye kikwaruzo mpaka ngozi ibaki mkononi. Kwaruza na karoti moja. Kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa kidogo sana kwenye kijiko cha mafuta, moto mdogo, mpaka kiwe laini na cha kung'aa, tia punje tatu za thomu zilizotwangwa, kisha nyanya na karoti. Acha sufuria wazi. Rojo liko tayari ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Likiwa bado linatiririka, ongeza dakika, maana maji yale yote yatanywewa na mkate na katikati hapataiva.

Karoti ndiyo inayoondoa ule uchachu, ndiyo maana sukari haihitajiki. Na yale mafuta kidogo yana kazi yake: vitamini A ya karoti na ule wekundu wa nyanya mwili huvipata vizuri zaidi vikiwa vimepikwa pamoja na mafuta.

Mwisho chuma majani ya mrehani, yakatekate, tia ukishaepua. Mrehani wetu wa uani una harufu kali kuliko wa Italia, majani matano sita yanatosha. Mwenye oregano kavu atie nusu kijiko.

Mboga na kitoweo

Kwa kila piza nataka mboga ya kuonekana isiyopungua kikombe kimoja ikiwa mbichi. Ziko kanuni mbili tu: mboga iwe kavu, na ikatwe kwa saizi ya mdomo wa mtoto. Mchicha au majani ya kunde yapitishe kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, yachuje, yakamue kwa mikono miwili mpaka yawe donge lisilotoa tone, kisha katakata. Yaweke juu ya nyanya na chini ya jibini, yasiungue. Hoho kata vijiti vyembamba. Biringanya ipake mafuta na uichome kwanza kwenye kikaango. Bamia sikushauri, nimeishia hapo.

Kuna wanaosaga mboga zote ndani ya nyanya ili mtoto asijue. Mimi siungi mkono. Mtoto aliyefichwa mchicha hajajifunza kula mchicha, amejifunza kula kitu chekundu. Mpwa wangu wa darasa la pili alikuwa akivichomoa vitunguu na hoho kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani, kwa safu, vitunguu kwao na hoho kwao. Sikumgombeza. Niliacha kumpangia, nikamwekea vibakuli mbele yake na donge lake lililokwisha kusukumwa, nikamwambia: "Baba, weka unavyotaka, ila kila kibakuli uchukue kitu." Aliweka hoho nne, akazipima kwa macho, akaongeza ya tano. Alizila. Vitunguu bado hajakubaliana navyo vikiwa vibichi, lakini vilivyomo ndani ya rojo anavila bila neno, na sijampa habari hiyo.

Naam, najua nimetoka kusema sifichi. Kitunguu ni kiungo.

Kitoweo changu cha kwanza ni dagaa mchele. Wa Napoli nao huweka samaki wa jamii hiyo hiyo kwenye piza zao, wakiwa wa chumvi, kwa hiyo asikucheke mtu. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili ili chumvi na mchanga vitoke, wakaange kidogo wakauke, wanyunyizie ndimu. Kwa kuwa wanaliwa na mifupa yake, kalisi inaongezeka bila kuongeza jibini. Kiganja kimoja kinatosha piza moja.

Nyama ya kusaga, robo kilo kwa piza zote tatu, lazima iive kabisa kwenye sufuria na kukauka kabla ya kupanda juu ya mkate. Dakika chache za piza haziwezi kuivisha nyama mbichi. Kuku aliyebaki jana, mchambue nyuzi nyuzi. Siku nyingine naponda mbaazi au maharage yaliyochemshwa, nayatia bizari nyembamba na thomu, nayapaka moja kwa moja juu ya mkate kisha nyanya juu yake. Wifi hiyo aliikubali upesi, maana mbaazi na kitu cha ngano kwa mtu wa Tanga si jambo geni. Na yai lipo: lipasulie katikati ya piza dakika tano kabla haijaiva, ufunike, liive mpaka kiini kishikane.

Moto

Mwenye oveni aiwashe mpaka mwisho wake, nyuzi 230 au 250, na bati liwe ndani tangu mwanzo lipate moto. Piza ikitua juu ya bati la moto, chini inashika rangi mara moja. Dakika kumi hadi kumi na mbili.

Asiye na oveni atumie mkaa, na mimi nilianzia hapo. Sufuria kubwa zito, chini tandaza mchanga mkavu wa inchi moja, juu ya mchanga weka vijiwe vitatu, funika, acha jikoni dakika ishirini. Piza iwe kwenye bati jembamba au mfuniko wa sufuria uliopakwa mafuta. Itulize juu ya vijiwe, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Watu wengi hufanya kinyume, wakapata piza iliyoungua chini na jibini iliyolala baridi. Baada ya dakika kumi na mbili funua kwa uangalifu, majivu yasimwagike, uinue ukingo kwa kisu. Ukiona madoa ya kahawia chini yake na mkate haupindi kwa uzito wake, toa.

Ya gesi na chuma cha chapati ndiyo ya siku za haraka. Weka mkate mtupu kwenye chuma kikavu, moto wa kati. Ukianza kufura vipovu, geuza. Sasa upande ulioiva uko juu: upake nyanya haraka, panga mboga na kitoweo, jibini mwisho, punguza moto, funika kwa mfuniko unaobana. Dakika nne au tano jibini inalainika. Mkate wa namna hii unakuwa mwororo kuliko wa oveni, na watoto wadogo wanautafuna vizuri.

Nikitaja kikaango kuna anayedhani nasema ile piza ya Forodhani, Unguja. Ile ni kitu kingine, ndugu ya mkate wa mayai: unga unatandazwa mwembamba, unajazwa nyama, kitunguu, yai, jibini na mayonezi, unakunjwa na kukaangwa kwa samli. Ni tamu, siibezi, na ukienda matembezi mnunulie mtoto. Lakini ni chakula cha kukaangwa, na kitunguu kile kidogo hakitoshi kuitwa mboga.

Kumpakulia

Piza yangu naikata vipande sita. Wa chekechea anapata viwili, nikimkatia vijiti virefu vya kushika. Wa shule ya msingi vitatu, akitaka cha nne nampa. Wakubwa wanakula nusu na kuongeza, nao wanapata kachumbari ya tango na kabichi kwanza, kabla piza haijatoka jikoni, wakati njaa bado ina nguvu. Ukiiweka kachumbari mezani pamoja na piza, haitaguswa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja piza si yake, chumvi hiyo ndogo kwake bado ni nyingi. Mpe mbaazi ulizozitoa kabla ya kutia viungo, au mchicha na nyama laini.

Kinywaji ni maji. Baadaye chungwa, na hapa Tanga tuna bahati ya kuwa jirani na Muheza, machungwa yanakuja kwa magunia. Chungwa halikuwekwa kwa kujaza sahani. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha, mbaazi na ule unga wa nembo ni magumu kufyonzwa, na vitamini C inayafungulia njia. Chai inafanya kinyume chake, inayazuia. Kwa hiyo ile chai ya usiku ya kushushia, kama lazima iwepo, ingoje saa moja au mbili. Soda kwenye usiku wa piza siikubali: kola ya mililita 300 ina sukari ya zaidi ya gramu 30, vijiko vya chai saba na zaidi, na mtoto atakuwa ameshiba sukari wakati sahani bado ina hoho.

Mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine wanakula ugali, maharage, dagaa wa nazi, wali na samaki, kama watoto wote wa mtaani kwetu, na sioni haja ya piza kushindana na hivyo.

Ikibaki, ifunike na uiweke frijini ndani ya saa mbili, kwa joto hili nyama na jibini havingoji. Asubuhi ipashe kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa mpaka iwe ya moto kabisa, iliwe hapo hapo nyumbani. Ya kubeba shuleni isiwe ile yenye nyama au jibini, maana itakaa ndani ya begi mpaka saa nne. Ya shule ipike mbali, kwa donge moja ulilolitenga: rojo la nyanya lililokauka vizuri, thomu iliyokatwa nyembamba, oregano na mafuta kidogo, bila jibini. Watu wa Napoli huiita marinara na wanaila hivyo hivyo. Mfungie na yai la kuchemsha likiwa na ganda lake, alimenye mwenyewe huko huko, na chungwa.